Mapezi ya Rangi ya Damu ya Mzee

Mimi gundi naijua. Sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema mapema ili mtu asije kunitetea kwamba sikujua. Tangu nina miaka tisa nabandika mapezi kwenye roketi za karatasi, mimi na kaka yangu Lowell, kwenye meza ya jikoni kwa mama, huku kwetu Kansas ambako hakuna hata kilima cha kukuzuia kuona roketi yako imedondokea shamba la nani. Sasa nina sitini na mbili. Klabuni kwetu kuna watu wazima wenye vipara waliozaliwa mimi nimeshapoteza roketi za kutosha kujaza ghala.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la rangi. Nilikata mapezi matatu ya balsa, ile mbao nyepesi, nikayapiga msasa, nikayapaka rangi ya njano kila mahali, hadi ule ukingo unaokaa kwenye bomba, yaani mwili wa roketi. Bomba nalo nikalipaka. Kisha nikabandika, na yakashika, nikaenda kumwonyesha Lowell aliyenizidi miaka mitatu. Akalikamata moja kwa vidole viwili, akalibandua mbele yangu kama anamenya yai. Akabandua la pili, akabandua la tatu. Akaniambia niache kulia nisikilize: gundi ya mbao haishiki rangi, inashika mbao, lazima mbao iinywe kidogo. Ukitaka kupaka kwanza, ule ukingo uuzibe kwa selotepu ya karatasi ubaki mtupu, na kwenye bomba ukwangue mstari mpaka karatasi ionekane. Akanikalisha chini na wembe nikakwangua yote, na tangu siku hiyo sijakosea tena.

Lowell alikufa mwezi wa saba, saratani ya kongosho. Iligundulika mwezi wa nne, na kufikia mwezi wa saba alikuwa mifupa na macho. Siku tatu za mwisho mke wake, Rayleen, alinijibu mlangoni. Kila nilipokwenda alisema, "Amelala, wifi, njoo kesho." Siku ya nne hapakuwa na kesho. Niliambiwa baadaye kwamba Lowell mwenyewe hakutaka nimwone alivyokuwa, na huenda ni kweli. Lakini aliyesimama mlangoni alikuwa Rayleen, na mimi mlango ule sikuusamehe.

Rayleen ni mke wa pili. Ana saluni ya kucha pale mjini, mwanamke wa miaka hamsini anayenukia asetoni na sabuni ya maua. Aliishi na kaka yangu miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo alikuwa akija uwanjani na kiti chake cha kukunja, anakaa kivulini mwa gari, anapiga makofi roketi ya mtu yeyote ikipaa. Sisi tulikuwa tunacheka. Alikuwa anapiga makofi hata ikienda kombo.

Klabu yetu ina desturi moja inayopendwa kuliko zote. Mwanachama akifa, roketi aliyoiacha nusu humaliziwa, na mwili wake ukishachomwa, majivu kiasi cha kikombe hutiwa chini ya pua ya roketi. Roketi ikifika juu kabisa, baruti ndogo ya kufungulia parachuti inalipuka na majivu yanamwagika angani. Anayemalizia ni yule aliyekuwa akijenga na marehemu. Kwa Lowell hakuna aliyeuliza ni nani. Alikuwa ameacha bomba zuri lenye urefu wa mkono wangu na mapezi matatu ya balsa aliyoyakata kitandani, akayasugua mpaka yakawa laini, na nguvu ikamwishia kabla ya gundi.

Basi siku ya mazishi, baada ya majivu yake mengine kuzikwa karibu na baba na mama, tukiwa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa tunakula nyama ya nguruwe na saladi ya viazi, nikamwambia Rayleen nitapita Jumamosi kuchukua ile roketi. Niliongea kwa sauti ya kawaida. Mezani tulikuwa watu kama kumi, na Emmett akiwemo, mkaguzi wetu wa usalama, rafiki wa Lowell wa miaka arobaini.

Rayleen akaweka uma chini. "Hapana, wifi," akasema. "Hii nitaimaliza mimi. Miaka kumi na tisa hakuniruhusu kugusa hata msasa. Alikuwa anasema, hayo ni mambo yangu na dada yangu Nadine. Nimevumilia. Hii moja niachieni."

Meza nzima ikamwangalia kwa huruma, na Emmett akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikatabasamu na kusema sawa. Moyoni nilikuwa nawaka. Mwanamke amenifungia mlango kaka yangu akiwa hai, sasa ananifungia akiwa ndani ya kikombe. Nilikwenda nyumbani na bakuli langu la saladi ambalo halikuguswa, nikalimwaga lote kwenye sinki.

Mwisho wa mwezi wa nane alinipigia simu, akaniomba nikaangalie kazi. Nilikwenda haraka kuliko nilivyopaswa. Nilitarajia kuona uchafu, rangi imetiririka, mapezi yamepinda, na nilikuwa nimeshajiandalia maneno ya kumwambia kwa upole ili aumie zaidi.

Sikuyatumia. Mapezi yalikuwa yananing'inia kwenye kamba katika karakana ya Lowell, kila moja limebanwa kwa kibanio cha saluni kwenye ncha yake. Yalikuwa ya rangi ya damu ya mzee, yamepigwa mikono sita ya rangi, na kila mkono ukikauka ameusugua kwa msasa mwembamba ndipo apige mwingine. Vinyweleo vya balsa havikuonekana kabisa. Bomba lilikuwa jeupe linalong'aa, halina hata alama ya brashi. Mimi na Lowell katika miaka hamsini hatukuwahi kupata rangi kama ile. Yule mwanamke wa kucha alitushinda kwa brashi ya kucha, na alikuwa amesimama pembeni anafuta mikono kwenye aproni, ananisubiri niseme.

Nikalishika pezi moja nikaligeuza. Ukingo wa kukaa kwenye bomba nao ulikuwa umepakwa. Mikono sita, hadi ndani ya kona. Unang'aa.

"Wifi, niambie kweli," akasema. "Watanicheka?"

Nikamwambia hakuna atakayecheka rangi hiyo.

"Lowell alikuwa anasema kuna kosa moja watu wanalifanya kwenye kubandika. Nimepekua madaftari yake yote sijaliona. Nikajua wewe utakuwa unalijua." Akanisogelea. "Kuna kitu nimesahau?"

Wembe wa Lowell ulikuwa pale pale kwenye meza. Kazi ya kukwangua kingo tatu na mistari mitatu ni ya robo saa. Nilimwangalia usoni, uso umejaa matumaini, na nikauona ule mlango.

"Hakuna," nikamwambia. "Bandika tu."

Alishukuru, akanikumbatia kabisa. Akaniomba nimshikie bomba lisimame wima wakati anabandika. Nikamshikia. Akabandika pezi la kwanza, akalipigia tuta dogo la gundi kila upande kwa kidole, kama madaftari ya Lowell yanavyosema, akalisubiri, akabandika la pili, na la tatu. Gundi ilikauka ikawa haionekani. Baadaye akanipakulia maharage ya nyama na mkate wa mdalasini, tukala pamoja, akanisimulia jinsi Lowell alivyokuwa akiongea na mapezi yale kitandani. Nilikula sahani mbili.

Nieleze nilivyopanga, maana nilipanga. Sikutaka roketi ile ipae. Uwanjani kwetu kila roketi hupita kwenye meza ya Emmett, na Emmett huvuta kila pezi kwa vidole vyake vinene kabla hajaweka saini. Amewahi kumng'olea pezi mwalimu wa fizikia mbele ya wanafunzi wake. Nilijua akilivuta lile la Rayleen litabanduka mkononi mwake, zima, mbele ya klabu nzima. Rayleen ataaibika, atarudi kwenye kiti chake cha kukunja, na watu watageuka kuniangalia. Nami nitachukua roketi ya kaka yangu nikaitengeneze. Ndivyo nilivyotaka, na kwa wiki mbili sikuona kwamba ni kitu kibaya sana.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa, asubuhi, upepo mdogo. Walikuja watu kama hamsini, wengine kutoka mbali. Rayleen alivaa gauni la rangi ile ile ya mapezi. Alikuwa ameibeba roketi kwa mikono miwili kifuani, na watu walikuwa wanampisha njia. Nilisikia mmoja akisema hajawahi kuona kazi safi kama ile, na mwingine akauliza ni nani aliyeipaka.

Tukafika kwa Emmett. Akaipokea, akaigeuza, akaangalia pua, akaangalia injini. Vidole vyake vikasogea kwenye mapezi. Vidole vikagusa pezi la kwanza, vikabaki hapo, havikuvuta. Nikaona macho ya mzee yule yamelowa.

"Shemeji, siwezi kumvuta Lowell mimi," akamwambia Rayleen. Akanigeukia. "Nadine, wewe umeikagua?"

Kabla sijafungua mdomo Rayleen akajibu. "Alinishikia mwenyewe nikiwa nabandika," akasema kwa fahari, na akanishika mkono. "Bila yeye nisingeweza."

Emmett alikuwa bado ananiangalia, kalamu iko hewani. Hapo palikuwa na njia. Ningesema tu, hebu ivute, Emmett, sheria ni sheria. Pezi lingetoka, na kila aliyekuwepo angekumbuka kwamba mimi ndiye niliyeshika bomba. Nilijiona nikiwa nimesimama pale na aibu yangu mkononi, mimi, Nadine, niliyewafundisha nusu yao.

"Nimeikagua," nikasema.

Akaweka saini. Tukaipeleka kwenye fimbo ya kurushia, Rayleen akaiteremsha taratibu, akaibusu pua. Tukarudi nyuma kwenye mstari wa usalama. Mtu akasoma jina la Lowell, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Kwa desturi mjane ndiye anayebonyeza. Emmett akamkabidhi Rayleen kile kisanduku chenye kitufe.

Rayleen akakiangalia, kisha akaninyooshea mimi.

"Bonyeza wewe, wifi," akasema. "Alikuwa wako kabla hajawa wangu. Siku zile za mwisho nilikukataza, alining'ang'ania nimwahidi hutamwona, na mpaka leo naumia. Nataka hii uwe nayo."

Nilikipokea. Watu walikuwa wameanza kuhesabu kurudi nyuma kutoka kumi, sauti hamsini kwa pamoja, baadhi wanalia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukitupa kile kisanduku chini. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa na sekunde kumi zote, na nilizitumia zote kufikiria nitaonekanaje. Walipofika sifuri nikabonyeza.

Ilitoka vizuri. Kwa muda mfupi hata mimi nilidhani gundi itashika, na niliomba Mungu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Ilipofika juu ya nguzo za umeme pezi moja likachomoka. Tuliliona likizunguka peke yake, jekundu, kwenye anga jeupe. Roketi ikayumba, la pili likatoka, kisha ikaanza kupinduka pinduka injini ikiwa bado inawaka, ikageuka ikarudi chini kwa kasi ile ile iliyopandia. Watu wakalala chini. Ikapiga barabara ya changarawe kando ya magari ikapasuka, na pale pale chini ndipo baruti ya parachuti ikalipuka. Majivu yakaruka kiasi cha kimo cha goti. Upepo ukayasukuma kwenye mtaro wa maji machafu ya ng'ombe, mengine yakabaki kwenye changarawe, na gari la mtu aliyechelewa likafika likayakanyaga kabla hatujampigia kelele.

Nyuma ya mstari mtu mmoja alicheka. Nadhani ni hofu tu, lakini alicheka, na Rayleen alisikia.

Alikimbia. Nilimkuta amepiga magoti na gauni lake, anajaribu kuzoa changarawe na vumbi kwa viganja, hajui kipi ni kaka yangu na kipi ni barabara. Emmett alifika na lile pezi la kwanza mkononi, alikuwa ameliokota njiani. Aliligeuza akaangalia ukingo. Ngozi ya gundi ilikuwa imebanduka nzima, na chini yake rangi iko vile vile, inang'aa, haina hata mchubuko. Wote waliosimama pale walijua kusoma kitu kile.

"Nimekosea wapi?" Rayleen akauliza akiwa bado chini.

"Shemeji, kosa si lako," Emmett akasema. Alikuwa hamwangalii yeye. "Ukingo ulipakwa rangi. Gundi haishiki hapo. Nadine anajua hilo tangu akiwa mtoto."

Rayleen akainua uso. Ilimchukua muda. Niliona jinsi alivyorudi kwenye ile karakana, kwenye lile swali, kwenye jibu langu, kwenye ile sahani ya pili ya maharage.

"Nilikuuliza," akasema.

Ningeweza kusema sikuona. Ningeweza kusema macho yangu yamezeeka, na nusu yao wangeniamini. Lakini kilichonitoka kilikuwa ni ukweli, na kilitoka kwa namna mbaya kuliko uongo wowote.

"Nilidhani Emmett atavuta," nikasema.

Emmett alifumba macho. Rayleen alisimama taratibu, magoti yake yana damu na vumbi. Hakupiga kelele wala hakunigusa. Aliongea kama anayetaka tu kuwa na hakika. "Kwa hiyo ulitaka litoke mbele ya watu. Ulitaka nichekwe." Akaliangalia lile pezi mkononi mwa Emmett. "Na Emmett alipokataa kuvuta, ukaona bora Lowell afe mara ya pili."

Na mimi ndiye niliyebonyeza.

Roketi ikipotea uwanjani kwetu, watu hupanga mstari mrefu, wakiachana nafasi ya mikono miwili, wanatembea polepole huku wanaangalia chini mpaka kila kipande kipatikane. Hakuna aliyetoa amri. Mmoja alileta brashi za kusafishia kamera, mwingine akamwaga kahawa yake akaleta kikombe kitupu, na mke wa mtu akampa Rayleen koti na kumshika kiuno. Mstari ukajipanga kuanzia barabarani hadi kwenye mtaro. Wengine waliingia ndani ya yale maji na viatu vyao vya kanisani.

Palikuwa na nafasi karibu na Emmett. Nikaenda nikasimama hapo, nikainamisha kichwa kama wengine.

"Wewe kaa garini," akasema.

Aliongea kwa sauti ndogo, mtu wa tatu asingesikia. Lakini yule aliyekuwa upande wangu wa pili alisogea hatua moja, akaiziba nafasi, na mstari ukaanza kutembea. Nilirudi kwenye gari langu nikakaa na kufunga mlango. Walipita mbele ya kioo changu polepole, watu hamsini, vichwa chini, wakimtafuta kaka yangu.